Turbo-look, Flachbau au Speedster: bodi tatu adimu za Porsche 911 ya miaka ya 80, uchukue ipi?

Kuna watu washamalizana na swali la gari gani ya zamani wanataka, ni Porsche 911 ya miaka ya 80, ile yenye injini nyuma inayopozwa kwa hewa, hapo hawabishi tena. Wanapokwama ni kwenye bodi. Maana miaka ile kiwanda pale Zuffenhausen, Stuttgart, kilikuwa kinakubali kukutengenezea 911 yako tofauti na ya jirani ukilipa, na vitu vitatu ndo watu wanavitafuta sana mpaka leo: madigadi mapana ya Turbo kwenye Carrera, yani 911 ya kawaida isiyo na turbo (M491 ndo namba ya opsheni, wengi wanaiita Turbo-look), pua bapa ya Flachbau kwenye 930 (namba ya kiwanda ya 911 Turbo), na Speedster ya 1989 yenye kioo kifupi.

Nikiulizwa na mtu "ipi kali" huwa simjibu hapo hapo, kwa sababu kwa picha zote tatu ni kali na picha ndo inayowaponza wanunuzi. Hizi bodi hazikuwa pambo la juu juu, kila moja iliagizwa kiwandani kwa karatasi, na kila moja inabadilisha jinsi utakavyoishi na hiyo gari, breki, kelele, mvua, fundi utakayemhitaji, hadi namna utakavyokuja kuiuza. Na zote tatu zimeigwa sana mtaani. Kwa hiyo tuziweke pamoja kwa vigezo vile vile halafu kila mtu aangalie maisha yake.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ni bodi yenyewe, ilitoka wapi na kiwanda kilibadilisha nini hasa, maana kuna bodi inayokuja na breki zake na kuna bodi inayokuja na kioo tu. Cha pili ni barabarani, yani ukiiendesha wewe, sio ikikaa kwenye maonyesho. Cha tatu kwangu ndo kikubwa kuliko vyote: utajuaje kwamba ni ya kiwanda. Cha nne ni fundi na spea. Na cha tano inamfaa nani. Bei sitaziandika, zinapanda na kushuka kila mwaka na zinategemea nchi uliyopo, ila nitasema pale ambapo tofauti ya bei ina sababu.

Jambo moja la jumla kabla hatujaingia ndani. Kwa hizi zote kuna stika ya opsheni chini ya boneti ya mbele (kumbuka 911 buti iko mbele) na nakala yake ndani ya kitabu cha sevisi, imeandikwa namba za vitu gari ilivyoagizwa navyo. Hiyo stika ni mwanzo tu, isikutoshe, kwa sababu stika mpya zinachapishwa na kuuzwa. Kitu cha kudai ni cheti cha Porsche wenyewe kinachotolewa kwa namba ya chasi, muuzaji akianza kuzungukazunguka kwenye hilo wewe endelea na safari yako.

M491, Turbo-look

Bodi. Turbo ya kwanza ilitoka mwishoni mwa 1974 ikiwa na madigadi yaliyovimba na bawa kubwa nyuma, na sura ile ikawa ndo ndoto ya kila mtu. Mwaka 1980 Turbo ikaondolewa soko la Marekani kwa sababu ya sheria za moshi na haikurudi mpaka 1986, kwa hiyo kukawa na wateja wenye hela wanaotaka umbo bila kuipata gari. Kuanzia modeli ya 1984 kiwanda kikaruhusu Carrera 3.2 iagizwe na M491, kwanza coupe (paa gumu) halafu baadaye Targa (kipande cha paa kinatolewa) na Cabriolet (paa la turubai). Uingereza iliuzwa kwa jina la Supersport.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea, wanadhani M491 ni madigadi na bawa. Sio. Unapata breki za Turbo, zile zenye pistoni nne kila gurudumu na diski zilizotobolewa, teknolojia iliyotokana na gari ya mashindano 917, unapata sehemu za miguu (sapensheni) za Turbo na rimu pana za Fuchs inchi 16. Upana wa bodi unatoka milimita 1,652 hadi 1,775, zaidi ya sentimita 12, ukisimama nyuma yake unaona kabisa imekaa chini kwa nguvu. Kisichobadilika ni injini: lita 3.2, farasi 231 kwa gari za Ulaya, haina turbo. Na uzito unaongezeka kama kilo 50.

Barabarani. Kwa hiyo ukweli ni kwamba M491 sio ya haraka kuliko Carrera nyembamba. Ni nzito zaidi, inasukuma hewa nyingi zaidi, mwendo wa juu unapungua kidogo. Lakini breki zake ni nyingine kabisa, na kwenye kona ndefu ule upana kati ya magurudumu unakupa utulivu ambao nyembamba haina, halafu nguvu inakuja taratibu bila mshtuko kwa sababu hakuna turbo ya kusubiri. Mimi binafsi kama ni gari ya kuendesha kila wikiendi mwaka mzima ningechukua hii, na ningetafuta ya 1987 mpaka 1989 kwa sababu ndo zina giaboksi ya G50, gia zinaingia kirahisi kuliko ile ya 915 iliyotangulia. Wapo wanaoipenda 915 kwa ule uzamani wake na siwalaumu, inataka tu mkono usio na haraka hasa ikiwa bado ya baridi.

Uhalisi. Kuigiza M491 ni rahisi, ndo shida yake. Madigadi mapana yapo ya chuma na ya faibaglasi, fundi bodi yeyote mzuri anaweza kuyachomelea. Anza na namba ya chasi: Carrera ina 91 kwenye tarakimu ya saba na ya nane, Turbo ina 93. Mtu akikwambia anauza Turbo na namba inasema 91, hiyo ni Carrera iliyovalishwa, iwe na M491 au ya mtaani. Halafu omba gurudumu la nyuma livuliwe. Ukishaona kalipa (vibanio vya breki) ndogo za Carrera zimekaa ndani ya digadi pana, maneno yameisha, sio ya kiwanda. Pitisha mkono ndani kabisa ya upinde wa digadi, kwenye ile midomo inapokutana na bodi, mshono wa kiwanda unaenda sawasawa kama uzi wa cherehani, wa mtaani utakutana na vipele vya welding au puti iliyopakwa nene halafu ikafunikwa na rangi nyeusi ya chini. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, na kama unaweza kuazima kipimo cha unene wa rangi kiazime.

Fundi na spea. Hapa M491 inawashinda wenzake. Injini ni ya Carrera ambayo kila fundi wa 911 anaijua, vitu vya breki na miguu ni vya Turbo, ni ghali lakini vinapatikana. Hata ikigongwa digadi, panelo za Turbo zipo.

Inamfaa nani. Mtu anayetaka sura ya Turbo na anataka kuendesha, sio kusubiri hali ya hewa. Haimfai anayetafuta mwendo, na haimfai anayetaka kitu ambacho hakuna mwingine anacho, kwa sababu kwa mbali hakuna atakayejua kama yako ni ya kiwanda au la.

Flachbau, pua bapa

Bodi. Hii ina hadithi ndefu kuliko zote. Mwaka 1976 Porsche waliingiza 935, gari ya mashindano iliyotokana na 911 Turbo, kwenye Kundi la 5, kanuni zilikuwa zinaacha uhuru kwenye madigadi, injinia Norbert Singer akaona basi kama digadi ni huru kwa nini liwe na taa juu linakata hewa, akazishusha taa chini kwenye bampa na pua ikalala. Mwaka 1979 935 ya timu ya Kremer ikashinda Le Mans, yale mashindano ya saa 24 ya Ufaransa. Matajiri walioiona wakataka pua ile kwenye gari zao za barabarani, na idara ya kiwanda ya maombi maalum, Sonderwunsch, ikaanza kuwatengenezea mwanzoni mwa miaka ya 80. Mwaka 1983 wakamtengenezea Mansour Ojjeh wa kampuni ya TAG gari moja tu ya barabarani iliyofuata 935 karibu yote, hiyo ndo kilele cha ukichaa mzuri wa enzi ile.

Baadaye ikawa opsheni yenye namba, M505 kwa Marekani na M506 kwa nchi nyingine. Zilizotoka hazifiki 1,000, hesabu inayotumika ni 948. Na hazikutoka kwenye mstari kama gari nyingine, bodi ya 930 ilikuwa inachukuliwa na mafundi wanaifanyia kazi kwa mikono: madigadi ya mbele ya chuma yanalazwa, taa zinakuwa za kuinuka (za mwanzo kabisa taa zilikuwa kwenye bampa kama 935), matundu ya kupumulia juu ya madigadi ya mbele, pembeni sketi za boksi, na kwenye madigadi ya nyuma midomo mikubwa ya hewa yenye mbavu. Mbele kwenye spoila kuna nafasi ya kupozea oili. Na wengi walioagiza waliongezea kifurushi cha injini, 3.3 turbo ikapanda kutoka farasi 300 hadi 330.

Nakumbuka mara ya kwanza kuiona kwa karibu nilichokishangaa sio pua, ni ule ukingo ambapo digadi la mbele linashuka kukutana na boneti. Kwenye 911 yote uliyozoea digadi liko juu ya boneti kama mabega, dereva anayatumia kujua kona ya gari iko wapi. Kwenye Flachbau mabega hayapo. Ukikaa kwenye usukani mbele unaona barabara tu.

Barabarani. Chini ya bodi ni 930, na 930 haitaki mzaha. Chini ya spidi fulani ya injini ni mpole, halafu turbo inaamka kwa mkupuo, na ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona uzito wa nyuma unakuja kukutafuta. Giaboksi ni ya gia nne mpaka modeli ya 1989 ndo ikapata tano za G50, mwaka mmoja tu, kwa hiyo Flachbau ya 1989 ndo inayogombaniwa zaidi. Kuegesha kunahitaji kuzoea kwa sababu ya hilo nililosema la mabega, na spoila ya mbele iko chini, barabara zenye matuta kama zetu za Dar au Nairobi utaikwangua tu. Wapenzi wa 911 Afrika Mashariki wengi wanaijua gari hii kwa Safari Rally, ile 1978 Vic Preston Jr alipomaliza wa pili na 911 SC iliyoinuliwa juu, sasa Flachbau ni kinyume kabisa cha ile.

Uhalisi. Hapa kuwa mkali kuliko kote. Miaka ya 80 pua bapa ilikuwa fasheni kiasi kwamba karakana nyingi Marekani na Ulaya zilikuwa zinauza vifaa vya kubandika, vingi vya faibaglasi. Tofautisha makundi matatu: kuna ya kiwanda, kuna ya mafundi wenye jina kama DP Motorsport wa Ujerumani ambao walihusika kweli na bodi za 935 za Kremer na kazi zao zina thamani yake zenyewe, na kuna ya kubandika. Muuzaji wa kundi la tatu atakuuzia kama la kwanza. Sumaku lazima ishike kwenye madigadi ya mbele. Namba ya chasi lazima iwe na 93. Na M505 au M506 lazima iwe kwenye karatasi, ila zile za mwanzo kabla ya namba hizo zinahitaji karatasi za Sonderwunsch zenyewe, bila hizo hata iwe nzuri vipi wewe ilipie kama 930 iliyobadilishwa.

Angalia pia kutu. 911 zilianza kupakwa zinki bodi nzima kuanzia modeli ya 1976, ndo maana zimedumu, lakini panapochomelewa zinki inaungua, na Flachbau imechomelewa sana. Chunguza kuzunguka mifuko ya taa na chini ya sketi za pembeni, hasa kama gari imekaa mji wa pwani.

Fundi na spea. Injini na miguu, fundi wa 930 anatosha. Bodi ni habari nyingine. Digadi lilitengenezwa kwa mkono kwa gari ile, likigongwa huendi dukani kununua, unatafuta fundi wa kulinyoosha au kulitengeneza upya na wa namna hiyo ni wachache. Vimota vya kuinua taa vikichoka taa moja inabaki imelala. Bima iwe ya thamani mliyokubaliana mapema, usikubali ya makadirio ya jedwali.

Inamfaa nani. Mtu anayeipenda enzi ile kwa moyo wote, ana sehemu kavu ya kuiweka, na anaendesha 930 akijua anaendesha nini. Miaka ya 90 watu waliidharau wakaiona imepitwa, saivi imerudi kwa kishindo, kwa hiyo ukinunua kwa sababu ya fasheni jua fasheni yake ishawahi kugeuka mara moja. Kama pua unaipenda lakini unataka gari ya kisasa kidogo, kuna 964 (kizazi cha 911 kilichofuata) Turbo 3.6 Flachbau ya 1994, zilitoka 76 tu, hiyo ni ligi nyingine ya hela.

Speedster ya 1989

Bodi. Jina ni la zamani, 356 Speedster ya 1954, iliyokuja baada ya Max Hoffman, aliyekuwa anaingiza Porsche Marekani kupitia New York, kudai gari nyepesi ya bei nafuu isiyo na makorokoro. Porsche walionyesha ya 911 kwenye maonyesho ya Frankfurt 1987 na ikauzwa kama modeli ya 1989, mwaka wa mwisho wa umbo hilo la 911. Zilitoka zaidi kidogo ya 2,100, nyingi zikiwa na madigadi mapana ya Turbo, zenye bodi nyembamba hazifiki 200.

Kioo cha mbele ni kifupi na kimelala zaidi, fremu yake imefungwa kwa bolti. Viti vya nyuma hakuna. Nyuma ya dereva kuna kifuniko kigumu chenye nundu mbili kinachoficha hudi, yani paa la turubai. Vioo vya pembeni unazungusha kwa mkono. Injini ni ile ile 3.2 na giaboksi ni G50, hapo hakuna cha kuchagua.

Barabarani. Jioni, hudi chini, hakuna kati ya hizi tatu inayoikaribia. Kichwa kiko nje, injini unaisikia yote, na mtu mrefu atatazama juu ya ukingo wa kioo badala ya kupitia ndani yake, kwa hiyo lazima ukae kabla hujanunua. Hudi ni ya dharura, ni ya mkono, inataka uvumilivu kuifunga na mvua kubwa itaingia. Wasomaji wa Muscat na Dubai nao wafikirie, saa sita mchana hudi ikiwa chini haiendesheki na ikiwa juu eyakondisheni za 911 za miaka ile hazikuwa na nguvu hata kwenye coupe.

Uhalisi. Zipo Cabriolet zilizokatwa kioo zikafanywa Speedster. Bahati nzuri zote za kiwanda ni za modeli moja, kwa hiyo nafasi ya kumi ya namba ya chasi, inayoonyesha mwaka wa modeli, lazima iwe K. Ukikuta H au J usiendelee. K peke yake haitoshi, Cabriolet za 1989 nazo zina K, ndo unarudi kwenye cheti. Kisha angalia fremu ya kioo, kifuniko cha nundu kama kinakaa sawa pande zote mbili, na kama hudi lake la asili lipo, kwa sababu wengine walilitupa na kulipata upya ni kazi.

Fundi na spea. Injini hakuna wasiwasi. Vitu vya Speedster pekee, yani kioo, fremu, hudi na kifuniko, ndo vya kukuumiza, kwa hiyo gari iliyokamilika yenye kilomita nyingi naipendelea kuliko yenye kilomita kiduchu iliyopungukiwa hivyo.

Inamfaa nani. Mwenye gari nyingine ya kila siku. Pia anayefikiria kuuza baadaye, kwa sababu Speedster haihitaji maelezo, kila mtu anajua ni nini.

Kwa hali yako

Kama ni 911 yako moja tu na utaenda nayo safari, mvua ikinyesha inyeshe, angalia M491 coupe kwanza. Ukiwa na watoto wadogo wanaoingia viti vya nyuma ndo kabisa, Speedster imejitoa yenyewe.

Kama roho yako iko kwenye turbo, usichukue M491 ukitegemea utaizoea, utaishia kuiuza. Linganisha Flachbau na 930 ya kawaida yenye taa za duara, ziendeshe zote mbili, na kama tofauti unayoifurahia ni ya kuitazama tu ikiwa imeegeshwa, 930 ya kawaida itakuachia hela nyingi ya matengenezo.

Kama unaishi kwenye jua lisilo kali sana, una gereji, na unaendesha kwa starehe tu, Speedster. Bajeti yako ikiwa nyembamba lakini unataka upepo, tafuta Cabriolet yenye M491, watu wanaipita bila kuiangalia na bado ina breki zile zile.

Kama unahitaji usukani wa kulia, Flachbau na Speedster ni chache mno za namna hiyo, utasubiri, M491 za Uingereza ndo njia fupi zaidi.

Na kama umeipata unayoitaka lakini cheti hakijaja, lipa amana inayorudishwa na muandikishane kwamba cheti kikisema tofauti hela inarudi yote. Muuzaji mwenye gari ya kweli hana sababu ya kukataa kusaini hiyo.